Ilipikiwa kwenye nini? Historia ya mapipa ya pombe za nyumbani

POSTI YA 1

Mfululizo wa manjano kwa watoto wachanga tumeumaliza, asanteni kwa maswali. Wiki hii nataka tuongelee historia. Msikimbie jamani! Ni historia ya pipa.

Imeanza na swali la inbox. Dada mmoja kaniuliza hivi: kapata pipa la plastiki la bluu kwa bei nzuri, lilikuwa na dawa ya shamba, je akiliosha kwa maji ya moto na sabuni linafaa kuchachushia mbege ya kuuza? Jibu fupi ni hapana. Hata ulisugue wiki nzima. Plastiki hunyonya dawa, halafu pombe yenye uchachu inaitoa taratibu. Na usilitumie kwa maji ya kunywa wala kuogeshea mtoto.

Jibu refu ndiyo hizi posti. Nimekuwa nikisoma kuhusu watu wanaotengeneza pombe nyumbani, toka Marekani mpaka Afrika Kusini, na kuna kitu kinajirudia. Kila mahali watu hutumia chombo walichokipata, hilo linaeleweka. Ila chombo gani kitapatikana, hilo sheria huliamua kuliko mpishi mwenyewe. Pombe ikipikwa waziwazi, watu huulizana, hununua vyombo vya kueleweka, na kitu kikiharibika kinajulikana. Ikipikwa kwa kujificha, chombo kinakuwa chochote kile kinachofichika. Na gharama yake inalipwa mwilini, mara nyingi na watu ambao hawakuwa hata na habari pombe ilipikiwa wapi.

Kabla hatujaenda mbali: simhamasishi mtu kunywa. Mjamzito hana kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama, iwe ya kiwandani au ya kienyeji. Hilo tusirudi kubishania.

POSTI YA 2

Tuanzie Marekani. Tarehe 17 Januari 1920 nchi nzima ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo, na ikakaa hivyo mpaka 5 Desemba 1933. Karibu miaka 14.

Watu waliacha kunywa? Wapi! Viwanda vya bia vilivyotaka kubaki hai vikaanza kuuza rojo la kimea kwenye makopo, eti ni la kuokea mikate. Mikate gani hiyo, na nchi nzima ilikuwa inajua! Ukichukua kopo hilo, maji, sukari na hamira ya mkate, baada ya siku kadhaa una bia. Ilichachushwa kwenye mitungi ya udongo, ndoo, chochote kilichokuwa jikoni, kisha ikafungwa kwenye chupa. Wengi walifunga chupa kabla bia haijamaliza kuchachuka, gesi ikajaa, chupa zikapasuka stoo usiku. Vioo kila mahali.

Ila bia ya jikoni haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa pombe kali, ile inayochemshwa na mvuke wake kupoozwa ukawa matone, kama gongo yetu. Hiyo inahitaji moto, chombo cha chuma na sehemu ya kupoozea mvuke. Mafundi halali wa mitambo ya shaba walikuwepo, lakini ukiagiza mtambo unajitangaza. Kwa hiyo watu wa vichakani walichukua rejeta ya gari kuukuu. Ukiiangalia unaelewa kwa nini: ina mirija mingi, imetengenezwa kupooza, na inapatikana bila kuulizwa swali. Shida ni kwamba viungo vya rejeta za zamani vililehemiwa kwa risasi. Siongelei risasi ya bunduki, naongelea ile metali. Mvuke wa pombe ukipita pale unaondoka nayo.

Mtu mwenye risasi mwilini anakuja na tumbo linalokatakata, choo kigumu, damu kupungua, mikono kukosa nguvu. Figo zinachoka. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, maana risasi inaingia kwenye ubongo unaokua, na kilichoharibika pale hakirudi. Msidhani hayo ni mambo ya kale tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, miaka karibu 60 baada ya marufuku kuondolewa, hospitali za Alabama bado zilikuwa zinapokea wagonjwa wa risasi kutokana na pombe haramu ya vijijini. Sheria ya nchi ilishalegezwa zamani, lakini ushuru na tabia ya kujificha vilibaki, na rejeta zikabaki.

Kuna jambo jingine la kipindi kile ambalo mimi kama mtu wa afya linanikera mpaka leo. Spiriti ya viwandani, ya kutengenezea rangi na dawa za kusafishia, ilikuwa inaibwa na kuuzwa kama kinywaji. Serikali ikaamuru itiwe sumu zaidi, ikiwemo methanoli, ili isinyweke. Watu wakainywa. Krismasi ya mwaka 1926 hospitali za New York zilipokea wagonjwa wengi, na wengine walikufa. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji lile, Charles Norris, alisimama hadharani akailaumu serikali: inajua watu wanakunywa, na bado inaongeza sumu. Aliongeza kwamba wanaokufa ni maskini, kwa sababu tajiri alikuwa na hela ya kununua wiski ya kweli iliyoingizwa kimagendo. Hoja yake haikuibadili sera haraka, lakini imeandikwa na inasomwa mpaka leo.

POSTI YA 3

Marufuku ilipoisha, divai ya nyumbani iliruhusiwa Marekani, bia ya nyumbani haikuruhusiwa. Ikabaki kosa kwa miaka mingine 45. Waliopika walipika kimyakimya, kwenye mapipa mapya ya taka ya plastiki na vyombo vya aina hiyo.

Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu mtu mzima kutengeneza bia ya matumizi yake mpaka galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Hiyo ni kama lita 380 na lita 760. Kuuza hapana. Kupika pombe kali nyumbani hapana. Majimbo yaliachiwa yaamue yenyewe, na ya mwisho kukubali, Mississippi na Alabama, yalikubali mwaka 2013 tu!

Mwaka huohuo wa 1978, mwalimu mmoja wa shule huko Boulder, Colorado, Charlie Papazian, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wapika bia wa nyumbani. Mwaka 1984 akatoa kitabu. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kikubwa kuliko hata sheria yenyewe, kwamba sasa kulikuwa na kitabu. Kilikuwa na mapishi, halafu na maelekezo ya kuosha na kuua vijidudu kwenye vyombo. Mtu anayejificha hanunui kitabu, wala haendi kwenye mkutano kuuliza "wenzangu, hili pipa langu linanuka, nifanyeje?"

Sasa njooni kwenye pipa lenyewe. Kujaza chupa 50 kila mara kunachosha (mnaoosha chupa za mtoto mnajua ninachosema), kwa hiyo walitaka pipa dogo la chuma lenye bomba, lile ambalo wenzetu wa Kenya wanaliita kegi. Makegi ya viwandani ni mali ya viwanda, magumu kufungua, na mengi yaliyokuwa mitaani yalikuwa yameibwa. Wakaokolewa na soda. Kwa miaka mingi migahawa ya Marekani ilipokea sharubati ya soda kwenye vipipa vya chuma kisichoshika kutu, vya galoni 5, yaani kama lita 19. Vingi vilitengenezwa na kampuni ya Cornelius ya Minnesota. Kampuni za soda zilipohamia kwenye mifuko ya plastiki ndani ya maboksi, vipipa vikabaki maelfu kwa maelfu, vikauzwa kwa bei ya kutupa. Kifuniko chake ni kikubwa, mkono unaingia unasugua. Vali ipo. Wapika bia walibadilisha tu mipira ya kuzibia, maana ya zamani ilitunza harufu ya soda, na kazi ikaisha.

Hiyo nayo ni kuungaunga, si ndiyo? Lakini wameunga kutoka kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Hapo ndo tofauti na rejeta.

Na mapipa ya mbao nayo yana kisa chake. Wiski ya bourbon, kwa sheria ya Marekani, lazima ikae kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichochomwa ndani mpaka kikawa mkaa. Kipya, kila mara. Maana yake pipa la lita 200 likitumika mara moja, mwenye kiwanda cha bourbon hana kazi nalo tena. Mengi yalipelekwa Scotland kuhifadhia wiski ya kule. Miaka ya 1990 kiwanda kidogo cha Goose Island cha Chicago kikachukua mapipa machache kutoka Jim Beam, kikaweka humo bia nyeusi nzito kwa miezi, ikatoka na ladha ya vanila, moshi na bourbon. Watu walichanganyikiwa. Wapika bia wa nyumbani wakataka ladha ileile, ila nani ana nafasi ya lita 200 sebuleni? Wakawa wanaloweka vipande vya mwaloni kwenye bourbon, wanavitumbukiza kwenye kipipa chao cha soda. Bia hizi huzidi asilimia 10 ya kilevi, zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida. Kama una ndugu huko nje na anajisifia ametengeneza, mwambie aiweke juu kabisa, mbali na mkono wa mtoto.

Hata uwazi hauzuii ajali zote. Aprili 2012, mfanyakazi wa kiwanda cha bia huko New Hampshire aliuawa na kegi ya plastiki iliyopasuka wakati akiisafisha kwa hewa yenye shinikizo. Lakini ajali ile ilichunguzwa, ripoti zikaandikwa, na wapika bia wengi wakajifunza kutopitisha hewa yenye nguvu kwenye chombo kisicho na vali ya kupunguza shinikizo. Ajali ya kichakani haiandikiwi ripoti.

POSTI YA 4

Hii ni ndefu. Kama mtoto analia, mnyonyeshe kwanza.

Tushuke Afrika Kusini, ambako wapika pombe walikuwa akina mama. Pombe ya mtama na mahindi ilikuwa kazi ya wanawake toka zamani, inapikwa kwenye vyungu vya udongo, ni nzito kama uji, ina uchachu, na kilevi kidogo. Wanawake walipowafuata waume zao mijini na migodini walikuta mshahara wa mwanaume hautoshi kulisha nyumba. Wakaanza kupika ili wauze.

Serikali ya wazungu haikutaka. Kuanzia mwaka 1908 huko Natal sheria iliruhusu manispaa zijichukulie biashara yote ya pombe ya Waafrika. Durban ndiyo ilianza: manispaa inapika, manispaa inauza kwenye vilabu vyake, na faida ndiyo inalipia usimamizi wa Waafrika haohao, mpaka polisi wa kuwasaka. Mama anayepika nyumbani akawa mhalifu kwa pishi la bibi yake. Miji mingine ikaiga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti Ellen Hellmann alichunguza maisha ya uani mmoja Johannesburg ulioitwa Rooiyard. Vyumba vimebanana, familia nzima kwenye chumba kimoja, na karibu kila mama anapika pombe maana bila hiyo watoto hawali. Chungu cha udongo kikubwa hakifichiki na kinavunjika, polisi wakikikuta wanakipiga teke. Kwa hiyo pombe iliwekwa kwenye makopo na madebe ya bati, yakafukiwa ardhini usiku uani, na mtu akawekwa mlangoni kuangalia polisi. Na kwa kuwa msako unaweza kuja saa yoyote, wakabuni pombe za haraka, zinazokuwa tayari kwa siku moja, zenye hamira nyingi na sukari, na nyingine zilitiwa vitu vya ajabu ili zipande kichwani upesi. Naomba mwone hapo. Msako ulibadilisha chombo, na ulibadilisha mpaka pombe yenyewe, ikawa kali zaidi.

Wakati huohuo hospitalini kulikuwa na jambo lingine. Mwaka 1929 daktari A. S. Strachan wa Johannesburg aliandika kuhusu maiti za Waafrika alizochunguza: maini yamejaa madini ya chuma kupita kiasi. Mengine yamesinyaa. Chuma kilikuwa kinatoka wapi?

Sisi wa kliniki tunawapa wajawazito vidonge vya kuongeza damu, na ndani yake kuna chuma hichohicho, kwa hiyo mnaweza kushangaa. Chuma kinahitajika, ila mwili hauna njia nzuri ya kukitoa kikizidi. Mwanamke anapoteza kidogo kwenye hedhi na uzazi. Mwanaume hana pa kukipeleka, kinalundikana kwenye ini, kongosho na moyo. Ini linasinyaa, kisukari kinaingia, na mifupa inakuwa dhaifu.

Jibu lilikamilika mwaka 1953, wanasayansi Walker na Arvidsson walipoonyesha kwamba chuma kilitoka kwenye chombo. Vyungu vya udongo vilikuwa vimeachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na vyungu vya chuma na mapipa ya chuma, yakiwemo yale ya mafuta. Pombe yenye uchachu ikikaa siku kadhaa kwenye chuma kisicho na ulinzi inakiyeyusha kidogo kidogo. Lita moja ya pombe ile inaweza kuwa na miligramu 40 mpaka 80 za chuma. Kidonge chetu cha kliniki kwa kawaida kina miligramu 60, na hao wanaume walikuwa wanakunywa lita kadhaa kwa siku. Chuma cha kwenye pombe kinaingia mwilini kirahisi pia.

Madaktari wa enzi ile waliuita ugonjwa huu kwa jina la Wabantu, kana kwamba tumezaliwa nao. Mimi jina lile silipendi. Ni kweli mwaka 1992 watafiti wakiongozwa na Gordeuk walionyesha kuna urithi ndani yake, si kila mnywaji wa pombe ile anapata ugonjwa. Lakini bila pipa la chuma, urithi peke yake haukujaza maini ya watu kiasi kile.

Akina mama wale hawakukaa kimya. Juni 1959, huko Cato Manor, Durban, wanawake waliochoshwa na polisi kumwaga pombe yao walivamia kilabu cha manispaa, wakawatimua wanaume waliokuwa wanakunywa humo, wakamwaga na kuvunja. Hasira yao ilikuwa na hesabu ndani yake: mume anakunywa mshahara kwenye kilabu cha serikali, na mke anafungwa kwa kupika ili alipe ada. Maandamano yalienea mkoani.

Miaka michache baadaye, mwaka 1962, Waafrika waliruhusiwa kununua vileo vya kiwandani. Wa mijini wakahamia kwenye bia ya kiwanda, na miongo iliyofuata ugonjwa wa chuma ukapungua mijini, ukabaki zaidi vijijini, kwenye mapipa.

POSTI YA 5

Nyumbani sasa. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikairuhusu tena kwa masharti mwaka 2010. Katikati hapo, Novemba 2000, mtaa wa Mukuru kwa Njenga Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyoitwa kumi kumi, jina la bei yake. Ilikuwa na methanoli. Naomba hili lieleweke: vifo vya wengi kwa mpigo kama hivi kwa kawaida havitokani na mama aliyekosea mapishi. Vinatokana na spiriti ya viwandani iliyochanganywa na mtu anayetaka faida ya haraka, na anaweza kuifanya kazi hiyo kwa sababu hakuna anayejua mzigo umetoka wapi.

Mwaka 2004 kiwanda kikubwa cha bia cha Kenya kilileta bia ya Senator, inauzwa kwenye kegi, na serikali ikaisamehe ushuru makusudi ili maskini apate kitu cha bei ya chini kuliko sumu. Kegi ilichaguliwa kwa sababu haina gharama ya chupa na imefungwa, muuzaji hawezi kuchakachua kirahisi. Mwishoni mwa 2013 ushuru ulirudishwa, bei ikapanda, wanywaji wakakimbia. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya methanoli kwenye kaunti kadhaa. Siwezi kuwaambia moja lilisababisha lingine moja kwa moja, ila serikali iliona vya kutosha, ikaulegeza ushuru tena.

Hapa Tanzania gongo ni haramu, na kila mtaa unajua inapikwa wapi. Wanaopika wengi ni akina mama wenye watoto mgongoni, moto mkali, pipa kuukuu, na ukiwauliza pipa lilikuwa na nini kabla yake, wengi hawajui. Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba mama huyu hana kitabu wala chama, na hakuna mahali anapoweza kuuliza bila kuogopa.

Kama unapika kitu chochote chenye uchachu, iwe mbege, togwa au maji ya ukwaju: sufuria isiyoshika kutu, chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Epuka ndoo za mabati, zile zenye zinki, uchachu unaitoa na watu watatapika. Epuka pipa la mafuta, pipa la dawa, rejeta, na kitu chochote kilicholehemiwa usichojua kwa nini.

Na kuhusu methanoli. Mtu anaweza kunywa jioni, akalala vizuri, dalili zikaja kesho yake: kichwa, tumbo, kupumua haraka, macho kuona ukungu au kama theluji. Usimwache alale "pombe imwishe". Mlete haraka, dawa zipo na muda ndio unaookoa macho. Njoo na mabaki ya kinywaji kwenye chupa hata kama ni kidogo. Tutakuuliza alikunywa nini, saa ngapi, wangapi wamekunywa naye, na ilipikiwa kwenye nini. Majibu hayo tunayatumia kumtibu, hatumpigii polisi simu.

Maswali ya sufuria za alumini nimeyaona kwenye komenti, mengi kweli. Nitayajibu Jumatano nikitoka zamu ya usiku.